Tansio Kwanza, Parasetamoli Nyuma



Jumamosi iliyopita, nyuma ya mkutano, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza mbele ya wengine: "Yaya, sababu gani siku hizi mtu akikuja kwako kununua dawa ya kichwa, unamukalisha kwanza kwenye kiti kama mwanafunzi?" Wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini sikumjibu vizuri, maana jibu ni refu, na ndani yake kuna jambo ambalo sijawahi kulisema katika mkutano wetu. Mama anayetunza gazeti letu akaniambia, basi andika. Naandika.

Wengi wenu mnaijua farmasi yangu. Chumba kimoja, dirisha la nondo, meza, rafu nne. Niseme wazi toka mwanzo kwamba mimi si mfamasia. Mfamasia ni mtu aliyesoma miaka mingi chuo kikuu na ameandikwa katika Ordre ya Wafamasia iliyowekwa na sheria ya 1991. Mimi nilisoma uuguzi, nikafanya kazi muda mfupi, nikaacha kwa sababu ya mishahara isiyofika, nikaanza kuuza. Na mkitembea hapa Shituru mtaona kwamba wengi tunaosimama nyuma ya meza za dawa tuko hivyo, au ni kijana wa mwenye duka aliyemaliza shule mwaka jana na anajua bei kuliko anavyojua dawa.

Haikuwa hivi zamani. Mama mkwe wangu bado anasimulia wakati wa Gécamines, jinsi mfanyakazi, mke wake na watoto wote walivyotibiwa bila kutoa hata likuta moja. Mtoto akikohoa, unaenda kupanga mstari, munganga anamshika tumbo, anasikiliza kifua, unarudi na dawa mkononi. Baadaye mishahara ikakwama, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakatoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Baba mkwe alikuwa mmoja wao. Pesa aliyopewa iliisha. Haki ya lopitali ilikuwa imeisha kabla yake. Hapo ndipo farmasi ndogo ndogo zilipoanza kuota kama uyoga nyuma ya mvua. Mama mwenye franka 1,000 hawezi kulipa fishi, na kuonwa na munganga, na kipimo cha damu, na dawa. Anakuja dirishani. Sisi ndio tunamwona wa kwanza, na mara nyingi wa mwisho pia.

Sasa jambo lenyewe.

Miaka miwili iliyopita, katika miezi ya mvua, alikuja kwangu mama kijana wa kartie yetu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. "Yaya, unipe ya kichwa ya mia tano." Nikampa plaketi ya parasetamoli. Siku nne nyuma akarudi, kichwa bado. Nikampa tena. Nilimwambia anywe maji mengi, ni jua. Mara ya tatu alikuja jioni, ameshika ukuta, akasema: "Kichwa haiishe, na macho yangu iko inafanya kama moshi." Niliangalia miguu yake, imevimba hadi viatu havifungi. Nikamwambia ni mimba, ailaze juu ya mto akilala. Na kwa kuwa parasetamoli haikumsaidia, nilifikiri ninampa kitu cha nguvu zaidi. Nikamuuzia ibuprofeni.

Usiku wa pili alianguka, akatetemeka, povu mdomoni. Majirani wengine walisema ni mashetani, wengine wakasema mtu amemfanyia. Ilikuwa kifafa cha mimba. Walimpeleka juu ya pikipiki, katikati ya watu wawili ili asianguke. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Hakuna aliyenilaumu. Mama yake mwenyewe alikuja nyuma ya kilio kununua dawa ya tumbo, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari ya watoto wangu. Mimi nilikuwa najua. Mara tatu alisimama mbele yangu, umbali wa mkono, na mkono wangu haukumgusa. Nilikuwa na stetoskopu ya shule katika sanduku chini ya kitanda.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka. Kisha tukapata habari kwamba mfamasia mmoja, mama aliyesomea Chuo Kikuu cha Lubumbashi, atakuwa anakuja Likasi Jumamosi nne mfululizo kufundisha wauzaji wa dawa na wafamasia vijana namna ya kupima mwili wa mgonjwa. Si kutibu. Kupima tu: tansio, moyo, pumzi, joto, rangi ya macho na viganja, mkono wa mtoto mdogo. Tulikuwa kumi na moja katika chumba cha kanisa. Kulikuwa na wafamasia wawili wa diploma kabisa, na nilishangaa kuwaona wamekaa kwenye benchi pamoja nasi. Mmoja alituambia bila haya: "Nilisoma dawa miaka yote ile, nilijua inafanya nini ndani ya figo, lakini mgonjwa mwenyewe sikufundishwa kumshika."

Mwalimu alianza kwa kutuambia kwamba hatukuwa wa kwanza. Tanzania walianza mwaka 2003 katika mkoa wa Ruvuma, wakageuza maduka yao ya zamani, yaliyoitwa ya dawa baridi, kuwa Maduka ya Dawa Muhimu. Muuzaji alipaswa kupita mafunzo kabla ya kuruhusiwa kuuza, na moja ya mambo aliyofundishwa ni kutambua dalili za hatari na kumtuma mgonjwa mbele. Uganda nao walijaribu kuwafundisha wauzaji kuhesabu pumzi za mtoto na kutumia kipimo cha haraka cha malaria kabla ya kutoa dawa. Na hapa kwetu Kongo, alisema, kuna wanavijiji wa kawaida, wale relais wa jamii, wanaohesabu pumzi na kupima mkono wa mtoto kwa utepe katika vijiji vilivyo mbali na kituo cha afya. "Sasa mama wa kijijini anapata mtu wa kumhesabia mtoto pumzi," alisema, "na mama wa mjini anapata mtu wa kumhesabia pesa." Chumba kilinyamaza. Mimi niliona alisema kali kupita kiasi, lakini sikupata la kumjibu.

Tansio ilituchukua Jumamosi nzima. Nilifikiri naijua. Unafunga kitambaa, unapampu, unasoma. Kumbe nilivyokuwa nafanya shuleni ilikuwa nusu. Mtu akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, isipandane. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, nguo imetolewa na si kukunjwa mpaka ibane. Asiseme. Asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Kama anataka kwenda chooni, aende kwanza. Kisha unapima mara mbili, na kati yake unangoja kidogo. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene, mashini itakupa namba kubwa ya uongo. Kikiwa kikubwa kwa mkono mwembamba, itakupa ndogo ya uongo.

Hapa kwetu tunasema "kumi na nne juu ya tisa", mashini zinaandika 140 na 90. Ni kitu kile kile. Mtu mzima akifika hapo, si ugonjwa wa leo leo. Arudi siku nyingine apimwe tena, na ikibaki hivyo aende kwa munganga. Lakini mama mwenye mimba akifika 14 juu ya 9, hakuna kungoja juma lijalo, aende siku ile ile. Akifika 16 juu ya 11, au akiwa na kichwa kisichoisha, macho ya moshi, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni mbio, hata usiku. Lopitali wana sindano ya salfeti ya magnezi inayozuia ule mtetemeko. Kwenye farmasi hatuna kitu cha kuuza kwa ajili ya hiyo. Na ibuprofeni, alisema mwalimu akiandika ubaoni, pamoja na diklofenaki, zinaweza kupandisha tansio na kuumiza figo, na mama mwenye mimba kubwa asipewe kabisa. Aliandika kwa herufi kubwa. Nilishika kalamu lakini sikuandika. Nilitoka nje nikasema ninaenda kunywa maji.

Tulipimana sisi kwa sisi. Papa mmoja mwenye farmasi karibu na soko, mnene, mcheshi, anayewauzia watu dawa za tansio kila siku, alitoka 17 juu ya 10. Akacheka, akasema mashini imelewa. Wakabadilisha mashini, wakabadilisha kitambaa, wakangoja. 17 juu ya 10. Hakucheka tena siku ile.

Pumzi za mtoto ndizo zilinipenda zaidi, sijui kwa nini, labda kwa sababu hazihitaji kununua kitu. Simu yenye saa inatosha. Unamwomba mama ampakate, asinyonye, asilie, unainua nguo na kuangalia tumbo likipanda na kushuka, dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni mbaya. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mpaka mitano, 40 au zaidi. Na kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani akivuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea hashtuki, au amepata degedege, usihesabu pesa wala dawa. Atoke. Kabla ya hapo, mtoto yeyote aliyekohoa nilikuwa nampa amoksisilini nusu, kwa kadiri ya pesa aliyoshika mama. Wengine walikuwa na mafua tu, walimeza bure. Wengine sijui.

Mtaniuliza basi, mbona mafunzo mazuri hivi yana shida gani? Shida ni kwamba yanakufundisha kutouza. Hilo hakuna aliyetuambia kwa jina lake. Mama anakuja na franka 1,500, unampima, unamwambia: dawa yako haiko kwangu, nenda lopitali. Anatoka na pesa yake. Anavuka barabara, jirani anamuuzia kila kitu bila swali. Mwezi wa kwanza nyuma ya mafunzo, mume wangu alihesabu mauzo jioni, akahesabu mara ya pili, akaniangalia. Hakusema neno. Ni mtu mpole. Lakini kesho yake alisema: "Sasa wewe umekuwa munganga wa bure?"

Na nilikosea pia, msifikiri nilitoka mule kanisani nimekuwa hodari. Mzee mmoja, papa wa kuheshimiwa, alikuja akiwa ametoka kupanda mlima na mfuko wa unga begani. Sikumngojesha dakika tano, kwa sababu watu walikuwa wengi dirishani na niliona haya kumwambia mzee akae kimya. Nikampima. 18 juu ya 10. Nilishtuka, naye aliona nimeshtuka. Watoto wake walikopa pesa, wakampeleka usiku ule ule. Lopitali walimlaza kidogo, wakapima, 13 juu ya 8. Alirudi kwangu nyuma ya siku mbili, akasimama mlangoni bila kuingia. "Mwanangu," alisema, "umenilisha deni." Nilimwomba msamaha. Tangu siku ile kiti kiko pale, na hata akija chifu wa kartie atakaa dakika tano.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi ya mauzo. Nikimtuma mtu, ninamwandikia karatasi ndogo: saa ngapi nimempima, namba gani, mara ngapi, amelalamika nini, amekwisha kunywa dawa gani. Mwalimu alisema karatasi hiyo ni nusu ya kazi. Sasa mama mmoja wa mimba nilimtuma na karatasi, 15 juu ya 10, mara mbili. Alipofika mahali alipopelekwa, sitaja jina, muuguzi alisoma, akauliza, "Huyu wa farmasi ni nani?" akaikunja na kumwambia apange mstari kama wengine. Alipanga mstari toka saa mbili mpaka saa saba. Bahati, saa saba daktari alimwona mwenyewe akamlaza. Alijifungua salama majuma matatu nyuma, mko nao hapa hapa Shituru, mama na binti. Lakini zile saa tano ninaziwaza. Yule muuguzi hakuwa mbaya; naye anaona kila siku watu waliotibiwa vibaya na farmasi, wakafika kwake wakiwa wamechelewa. Kwa nini aamini mkono wangu? Mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita nisingeuamini.

Ndiyo maana ninafikiri mafunzo haya yakibaki kwetu tu hayatafika mbali. Wangefundisha wauzaji na wauguzi wa vituo katika chumba kimoja, Jumamosi ile ile, wajuane sura. Mfamasia wetu wa Lubumbashi aliliona hilo, alisema ameomba, akajibiwa kwamba hakuna pesa ya chai. Sijui kama ni chai kweli.

Mashini ya tansio, kama mnavyokumbuka, ilitoka katika mfuko wetu, dola 35, na nilisema nitarudisha kwa miezi saba. Nimekwisha rudisha miezi mitano. Mweka hazina ana karatasi. Kupima ni bure, kama tulivyokubaliana, na betri ninanunua mimi. Kinachokosekana ni kitambaa kikubwa, kwa sababu wamama wengi wetu, Mungu ashukuriwe, mikono si miembamba, na kwa kitambaa kilichokuja na mashini ninawapa namba za kuwatisha bure. Kinauzwa peke yake Lubumbashi. Mtu akipanda juma hili aniambie, nitampa pesa na kipimo cha mkono kwa sentimeta.

Yule mama kijana ninamwona. Anauza mboga, sombe na lengalenga, upande wa pili wa barabara, asubuhi. Tunasalimiana. Sijamwambia niliyoyaandika hapa, na anasoma gazeti hili, au dada yake anamsomea, kwa hiyo atakuwa ameyasikia mpaka Jumapili. Nilitaka ayasikie kwangu kwanza. Nimevuka barabara mara mbili kwa ajili hiyo, na mara zote mbili nimenunua sombe nikarudi.

Kwa mama aliyeniuliza: kiti ni kwa ajili hiyo. Mkija mkitoka sokoni, mtakaa dakika tano, miguu chini, bila kusema. Najua kwa wengine hilo la mwisho ndilo gumu.